Nyumba ya Betri: Tufunge au Tufungue?



Katika mkutano wetu uliopita jambo moja lilizua maneno mengi kuliko hata bei ya karafuu, nalo ni jambo la betri. Waliohudhuria wanajua ilivyokuwa. Shauri la kununua mitambo ya umeme wa jua kwa ajili ya ghala la chama lilipita bila ya upinzani, kwani hapana kati yetu asiyechoka kupima karafuu kwa mwanga wa taa ya mkononi umeme unapokatika usiku wa msimu. Tena hatujasahau yaliyowafika ndugu zetu wa Unguja, waliokaa bila ya umeme tangu Disemba 2009 hata Machi 2010 kwa sababu ya kuharibika njia ya umeme utokao bara. Umeme wetu sisi wa Pemba nao umekuwa ukipita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Mwenye kutegemea waya mmoja hana budi kujiwekea akiba, na akiba ya umeme ni betri. Hapo sote tulikuwa kauli moja.

Lakini lilipokuja suali la kuwa betri hizo ziwekwe wapi, baraza liligawanyika. Upande mmoja walisema ziwekwe katika chumba cha nyuma ya ghala, kile chenye mlango wa chuma na kisicho na dirisha, zifungwe kwa kufuli; kwani mwizi hatozifikia, hewa ya chumvi haitozila, na hata ukizuka moto, chumba kikiwa hakina hewa moto utakufa wenyewe. Upande wa pili walisema, la, betri hutoa hewa mbaya, basi chumba kitobolewe madirisha pande zote. Naye muuzaji, aliyekuwapo siku hiyo, alisema hapana haja ya kugombana: yeye ataleta mtungi wa gesi ya kuzimia moto, na mtungi huo wataka chumba kilichofungwa sawasawa ili gesi yake isitoroke.

Halmashauri ilitutaka tulitazame jambo hili na kuliandika. Shauri letu twalisema mapema ili msomaji asichoke kulingoja: betri za lithiamu zisiingie ghalani kabisa, wala kwa chumba cha kufungwa wala kwa chumba cha madirisha. Sababu zetu ndizo hizi.

Kila mkulima wa karafuu anaijua nusu ya jambo hili bila ya kufundishwa. Karafuu mbichi zikilimbikizwa chungu moja usiku kucha badala ya kutandazwa, hupata joto. Ukitia mkono ndani ya chungu asubuhi waweza kulihisi, na karafuu hizo zikianikwa hazitoki na rangi yake. Kwa nini? Kwa sababu kila moja yafanya joto lake dogo, na joto la iliyo katikati halina pa kutokea, basi huipasha jirani yake, na jirani naye humpasha wa pili. Karafuu huishia kuharibika tu. Betri haiishii hapo.

Betri ya lithiamu si kitu kimoja. Kabati moja lina mamia ya vijumba vidogo viitwavyo seli, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu kama miche ya sabuni dukani. Ikitokea seli moja kuharibika, kwa kasoro ya kiwandani, au kwa kutiwa umeme kupita kiasi, au kwa kupondwa, hushika joto. Joto hilo huzivunja dawa zilizomo ndani yake. Na dawa zikivunjika huzaa joto jengine, nalo huvunja dawa nyengine, mpaka seli ikapasuka na kutoa moshi. Kisha jirani yake hufuata. Na hapa ndipo wengi wetu tulipokuwa tumepotea: mwenendo huu hauhitaji hewa ya nje. Waweza kukifunga chumba mpaka asipite hata chungu, na seli zitaendelea kupashana joto moja baada ya moja, kwa kuwa chanzo cha joto kimo ndani yao wenyewe.

Moshi utokao hapo si moshi wa kuni. Ndani yake mna haidrojeni, na kaboni monoksidi ambayo ni sumu, na methini, na ethilini. Zote hizo ni gesi za kuwaka. Haidrojeni peke yake, ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa ya chumbani, huwa tayari kuripuka kwa cheche ndogo, na huendelea kuwa khatari mpaka ifike sehemu 75. Basi chumba chenye betri mbovu kina khatari mbili, wala si moja. Iko khatari ya moto, ambayo hutushauri tufunge. Na iko khatari ya mripuko, ambayo hutushauri tufungue. Mwenye kuitazama moja tu huiita ya pili kwa mikono yake.

Tuwape khabari ya jambo lililotokea kweli. Katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona, huko Marekani, kampuni ya umeme ya Arizona Public Service ilikuwa na jumba la betri liitwalo McMicken. Lilikuwa mfano wa kontena kubwa, lenye seli zaidi ya 10,000, na nguvu yake megawati 2. Halikuwa na njia ya kutoa gesi ya kuwaka, bali lilikuwa na mtambo wa kuzimia moto wa namna ile ile aliyotueleza muuzaji wetu: gesi safi isiyoharibu vyombo, inayotaka chumba kilichofungwa.

Tarehe 19 Aprili 2019, karibu na saa kumi na moja ya jioni, moshi ulizuka ndani. King'ora kililia na gesi ya kuzimia ikamwagika kama ilivyokusudiwa. Twaomba msomaji alizingatie hilo: chombo hakikuwa kibovu, kilifanya kazi kilichonunuliwa kuifanya. Lakini gesi ile yaweza kuzima ndimi za moto tu, haiwezi kulipoza joto lililomo ndani ya seli. Basi seli ziliendelea kupasuka moja moja mpaka kabati zima likateketea, na kila iliyopasuka iliongeza gesi ya kuwaka katika chumba ambacho hakina tundu. Lau kama ndimi za moto zingalikuwapo, zingaliila gesi ile kidogo kidogo kila inapotoka. Zimezimwa, na gesi ikabaki, ikangoja.

Wazima moto walifika wakauona moshi mweupe umelala chini kuzunguka jumba. Walipima, wakasubiri, na kiasi cha saa mbili ya usiku, yaani saa tatu tangu moshi wa mwanzo, wakaufungua mlango. Hewa ikaingia. Dakika chache baadaye jumba likaripuka. Wazima moto wanne waliumia vibaya, na mmoja wao alitupwa zaidi ya futi 70 kutoka mlangoni. Hawa si watu wa kubahatisha. Walikuwa wamefunzwa mambo ya vitu vya khatari, na nguo zao na vipimo vyao walikuwa navyo.

Wahandisi wa DNV GL walichunguza kwa niaba ya kampuni ile na taarifa yao ilitolewa mwaka 2020. Wenye kiwanda cha betri hawakukubaliana nao juu ya chanzo cha seli ya kwanza, na sisi hatuna haja ya kuingia katika ugomvi huo. Kinachotuhusu ni yale mengine yaliyomo: kwamba mtambo wa kuzimia haukuwa na uwezo wa kuzuia joto lisipite kutoka seli hata seli, kwamba gesi haikuwa na pa kutokea, na kwamba hapakuwa na maandishi yoyote ya kuwaambia wazima moto jinsi ya kutoa gesi ile na wakati wa kuingia.

Sasa tuulize: wale wanachama wetu wenye rai ya kufunga, mlango ule wa chuma wa chumba cha nyuma ataufungua nani siku hiyo? Tunaogopa kuwa jibu twalijua. Ataufungua mlinzi, au kijana mmojawapo wa wachumaji wanaolala katika baraza ya ghala wakati wa msimu, akidhani anaokoa mali ya chama.

Wale wenye rai ya madirisha wasifurahi bado, kwani nao tuna khabari yao, nayo yatoka Australia. Karibu na mji wa Geelong katika jimbo la Victoria palijengwa uwanja wa makabati makubwa ya betri, 212 kwa idadi, yote nje, hapana paa juu yao wala ukuta. Kila kabati lilikuwa na matundu juu, yaliyozibwa kwa plastiki, ili gesi ikizidi nguvu ndani itokee huko bila ya kulipasua kabati. Fikira njema kabisa. Tarehe 30 Julai 2021, wakati wa majaribio, maji ya kupozea yalivuja ndani ya kabati moja, umeme ukagusana, likawaka. Siku hiyo upepo ulikuwa wa kilomita 37 hata 56 kwa saa. Watu wa kisiwani wanaolijua kusi wataufahamu upepo huo bila ya kuelezwa. Ulizilaza ndimi za moto juu ya kabati la pili, plastiki zikayayuka, na moto ukaingia kwa matundu yale yale yaliyowekwa kwa ajili ya kutoa gesi. Njia ya kutokea ikawa njia ya kuingilia.

Hata hivyo hakuna mtu aliyeumia. Wazima moto waliyaacha makabati mawili yawake, wakamwagia maji yaliyo jirani yasipate joto, na kazi ikesha siku chache baadaye. Yaliyoteketea ni mawili katika 212. Baadaye matundu yale yalifunikwa kwa ngao za chuma, ili gesi iweze kutoka na ndimi zisiweze kuingia.

Tukizilinganisha khabari hizi mbili, jumba la Arizona lilikuwa dogo na lenye kufungwa, na liliwavunja watu. Uwanja wa Geelong ulikuwa mkubwa na wazi, na ulikula mali kidogo tu. Kwa hivyo mwenye kulazimishwa kuchagua khatari moja na achague moto wa nje, kwani moto wa nje huonekana, na mtu huweza kuukimbia.

Pana wanachama watakaosema kwamba betri zetu zitakuwa za namna ya lithiamu na chuma, ambazo muuzaji amezisifu kuwa haziwaki. Ni kweli kwamba hazishiki joto upesi kama zile za Arizona. Lakini betri za namna hiyo hiyo ndizo zilizokuwamo katika jumba la Beijing lililoripuka tarehe 16 Aprili 2021 na kuua wazima moto wawili. Huko gesi ilitoka katika jengo lililokuwa likiungua ikapita katika mfereji wa waya chini ya ardhi mpaka jengo la pili, ambalo halikuwa na moto, na hilo ndilo lililoripuka. Fundi wetu aliyechora ramani ametia mfereji kama huo, kutoka chumba cha betri hata chumba cha mizani. Tumemwomba aufute.

Pana jambo moja limewachanganya watu wa pande zote mbili, nalo ni neno hewa lenyewe. Ziko hewa mbili katika shauri hili. Iko hewa ya kila siku, ya kuipoza betri. Lithiamu hupenda joto la kiasi cha digrii 25, na chini ya mabati yetu saa saba za mchana ni joto gani kila mtu anajua; tena hewa ya pwani ina chumvi inayokula shaba. Kwa hewa hii wenye rai ya kufunga wana haki: betri ya lithiamu ikiwa nzima haitoi gesi, na kabati lake yafaa lizibwe, lipozwe kwa kiyoyozi chake. Na iko hewa ya siku ya msiba, ya kuitoa gesi seli zinapopasuka. Kwa hewa hii wenye rai ya kufungua wana haki. Dirisha la kawaida halitoshelezi yoyote kati ya hizo: siku za salama laingiza chumvi na vumbi, na siku ya msiba ni dogo mno, na huenda ikawa mtu amelifunga kwa sababu ya mvua.

Betri za zamani za risasi na asidi, kama zile za magari, zina sharti jengine. Hizo hutoa haidrojeni kila zinapotiwa umeme, hata zikiwa nzima, basi matundu ya juu karibu na dari ni lazima kila siku, kwani haidrojeni ni nyepesi na hupanda. Baadhi ya wanachama wanazo majumbani, na tumesikia kuwa wako wanaoziweka uvunguni mwa kitanda. Wazitoe.

Wamarekani wana kanuni zao za jambo hili, ziitwazo NFPA 855, zilizotoka kwa mara ya kwanza katika toleo la mwaka 2020, na ndani ya toleo hilo walitakiwa waliojenga jumba la betri wachague: ama watie paneli dhaifu juu ambayo itang'oka yenyewe nguvu ikizidi, ama watie feni yenye kipimo cha gesi, itakayoitoa kabla haijafika robo ya kiwango cha kuwaka. Kwa haidrojeni robo hiyo ni sehemu 1 katika 100. Feni ni nzuri lakini tuliuliza suali moja ambalo muuzaji hakulijibu: itapata umeme kutoka wapi siku ambayo betri yenyewe ndiyo iliyoharibika? Paneli haitaki umeme. Kwa chama kama chetu, kisicho na mhandisi wa kukaa zamu usiku, twapendelea kitu kinachofanya kazi hata kama kila mtu amelala.

Basi ombi letu kwa mkutano ni hili. Yanunuliwe makabati ya kusimama nje, ambayo fundi huyafungua akiwa nje wala mtu hawezi kuingia ndani, kwani chumba kisichoingilika hakina mlango wa kumwua mtu. Yajengewe kitako cha saruji, upande ambao kusi likivuma litapeleka ndimi mbali na ghala. Paa liwe la bati la kukinga jua, lililoachwa wazi pande zote, makuti hapana. Gesi itokee juu, na tundu lake liwe na ngao ya chuma. Kanuni tuliyoitaja yataka kwa kawaida umbali wa futi 10 baina ya betri za nje na majengo au bidhaa za kuwaka. Sisi twaomba futi 40, kwa sababu waliotunga kanuni hawakufikiri habari ya ghala lililojaa magunia, majamvi na makonyo makavu yenye mafuta. Tangi la maji liwe karibu, la kurowesha ukuta wa ghala. Na ubao uandikwe kwa herufi kubwa kwamba mtu akiona moshi asifungue chochote, awaondoe watu upande wa juu wa upepo, awaite Zimamoto. Nakala ya ramani wapewe Zimamoto mapema, kabla ya umeme kuwashwa.

Wanachama watauliza gharama. Ni kweli, chumba cha nyuma kipo tayari na ni bure, na kitako cha saruji, paa, waya mrefu na ua wa kuzuia wezi vitakula fedha ambayo wengine wangependa igawiwe. Hatulidharau hilo, na mweka hazina analidharau hata kidogo kuliko sisi. Lakini tutazame kilichotokea Moss Landing, California, tarehe 16 Januari 2025. Huko betri za megawati 300 zilitiwa katika ukumbi wa mashine wa kituo cha zamani cha umeme, kwa sababu jengo lilikuwapo. Moto uliposhika hapakuwa na njia ya kutenga kabati na kabati, zaidi ya nusu ya betri ziliungua, watu zaidi ya 1,000 wakaamriwa kuhama majumba yao, na mwezi mmoja baadaye mabaki yakashika moto tena. Jengo lililokuwapo bure liligeuka kuwa tanuri. Ghala letu nalo lipo bure, na ndani yake, katika mwezi wa mavuno mazuri, mna jasho la mwaka mzima la wanachama wote.

Tumeshapima uwanja. Upande wa magharibi ya ghala, kupita sakafu ya kuanikia, pana nafasi ya futi 40 na zaidi, isipokuwa minazi mitatu inayopaswa kukatwa na sehemu ndogo ya ardhi ambayo si ya chama. Mwenyewe tumekwisha kuzungumza naye, na amesema yu tayari kuikodisha iwapo mkutano utakubali. Makisio ya fundi ya kitako, paa na ua yamebandikwa mlangoni mwa ofisi pamoja na makisio ya chumba cha nyuma, ili kila mwanachama aweze kuyalinganisha kabla ya kupiga kura. Muuzaji ametakiwa alete kwa maandishi, kabla ya siku hiyo, majibu juu ya seli moja ya betri zake ikipasuka gesi hutokea wapi na kiasi gani. Asipoyaleta tutaomba zabuni ya pili.

Katibu